Mbio za Shefu wa Avenyu

Mélanie alifunga mkanda wa kupimia presha kwenye mkono wa baba yake kwa mara ya tatu, akaujaza hewa, akasikiliza, kisha akaufungua bila kusema neno. Alikuwa amefanya kazi ya uuguzi miaka kumi na minne katika kituo kimoja cha afya kule Panzi, na wagonjwa wake walijua kwamba Mélanie akinyamaza, afadhali angepiga kelele.

"Papa, tansio yako iko kumi na tisa kwa kumi na moja."

"Ni nyingi?"

"Kwa mutu mwenye anataka kufa, iko ya kutosha."

Papa Apollinaire alishusha mkono wa shati lake na kufunga kifungo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, karani mstaafu, mjane, na kwa miaka kumi na tisa mfululizo shefu wa avenyu yetu, yaani mkubwa wa mtaa wetu, hapa Kadutu, Bukavu. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho juu kabisa ya mlima. Aliijenga kwa matofali ya kuchoma, chumba kimoja kimoja, kwa miaka kumi na mmoja, na kila tofali lilipandishwa kwa mabega ya watu, maana hakuna gari linaloweza kufika huko. Kutoka barabarani hadi kwenye baraza yake kulikuwa na ngazi mia moja na kumi na nane, zilizochimbwa kwa jembe.

"Hizi ngazi ndizo zitakuua," alisema Mélanie. "Leo nimekufuata nyuma. Umesimama mara nne."

"Nilikuwa naangalia ziwa."

"Mara ya kwanza uliangalia ziwa. Mara ya pili ulikuwa umegeukia ukuta wa choo ya watu."

Kisha akatoa hukumu. Angerudi kupima siku ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane. Ikiwa tansio imeshuka hadi kumi na tano, Papa angebaki kwake. Ikiwa imezidi hapo hata kidogo, angefunga vitu vyake na kushuka kukaa Panzi, katika chumba kilicho nyuma ya jiko. Papa Apollinaire alikijua chumba hicho. Kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na televisheni ya upande wa pili haikuzimwa isipokuwa umeme ulipoizima. Tena kule angekuwa baba wa muuguzi, basi. Hapa alikuwa na muhuri. Hakuna mtoto aliyezaliwa katika avenyu hii, wala mgeni aliyelala siku mbili, wala mke aliyerudishwa kwao, bila habari zake kupitia kwenye baraza hii.

"Nifanye nini, basi?" aliuliza.

"Dawa, kila siku, si siku ya kanisa peke yake. Punguza chumvi. Na ukimbie. Polepole, nusu saa, kila asubuhi."

"Kutembea haitoshi?"

"Wewe ukitembea, unasimama kwa kila nyumba kusikiliza kesi. Hiyo si kutembea, Papa. Hiyo ni tribinali."

Papa Apollinaire si mtu wa kuingia katika jambo kabla ya kulichunguza. Wiki nzima aliwatazama watu wanaokimbia Bukavu kwa ajili ya afya, na akaona kuwa wako wa aina mbili. Wa kwanza ni wa vilabu vya Jumapili. Hao hushuka barabarani wakiwa wamevaa fulana za rangi moja, wanaimba na kupiga filimbi, na hakuna anayewaogopa, maana mtu anayeimba hana anachokimbia. Lakini saa tatu asubuhi tayari wameketi kwenye nganda, baa za mtaani, mbele yao mishikaki ya mbuzi na chupa zilizotoa jasho kuliko wao. Rais wa kilabu kimoja alikuwa ameongeza matundu mawili kwenye mkanda wake tangu aanze kulinda afya. Aina ya pili ni watu wa mashirika, wanaokimbia kule Muhumba penye miti, chupa ya maji mkononi na kijimashine kwenye kifundo cha mkono kinachowaambia kama wamechoka, kana kwamba wenyewe hawawezi kujua.

Yeye hakuwa wa huku wala wa kule. Na Kadutu si Muhumba. Mtu mzima akikimbia Kadutu, ama ameiba, ama ameibiwa, ama limetokea jambo. Tumeshakimbia sana katika mji huu, na hatukuwa tukitafuta afya. Mwanamke akimwona mwenzake anakimbia, humfunga mtoto mgongoni kwanza, kisha hukimbia, na swali huliuliza wakiwa wamefika mbali. Ndiyo maana mtu mwenye cheo hutembea taratibu hata mvua ikimnyeshea. Kazi yake ni kuonyesha kwamba hakuna kitu.

Baada ya kufikiri sana, Papa Apollinaire akapata njia. Mtu akikimbia kwa kaptula, watu watamtazama miguu. Lakini akikimbia kwa suti, karavati, viatu vilivyong'arishwa na faili chini ya kwapa, kila mtu ataona kwamba anakimbilia kazi. Alichagua faili la kijani. Ndani yake aliweka kalenda ya mwaka uliopita ili lisikunjike.

Siku ya kwanza aliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Alishuka ngazi, akaingia njia kubwa ya avenyu, akaanza. Hakuwa amefika mita thelathini alipokutana na Maman Eulalie, anayechoma mandazi kwenye kona.

"Jambo, Papa Shefu! Umelala namna gani?"

Shefu hawezi kupita bila kuitikia. Lakini Mélanie alikuwa amemwambia asisimame. Basi akajibu huku akiendelea kurukaruka papo hapo, mguu huu, mguu ule.

"Nimelala vizuri, Maman. Na wewe?"

"Vizuri kidogo. Na Mélanie?"

"Yuko."

"Na watoto wake?"

"Bako."

"Na bwana yake, ule mugongo wake?"

"Unaendelea," alisema Papa Apollinaire, magoti yakipanda na kushuka.

Maman Eulalie alimtazama kwa huruma. Alitia mkono kwenye mfuko wa aproni yake, akatoa ufunguo uliofungwa kwenye kijiti, akashusha sauti kama mtu anayemstahi mkubwa.

"Papa, usipate haya. Choo yangu iko pale nyuma. Wende mbio."

Asubuhi hiyo alisalimiwa mara kumi na moja, akapewa ufunguo mara mbili, na kwa dakika arobaini akawa amekwenda mita mia mbili.

Lakini hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Kila alichokijua alikipata kwa ukaidi, na wiki ya tatu akawa ameitengeneza salamu upya. Alianza kuwasalimia watu kabla hajawafikia. Akiwa mbali hatua ishirini alipaza sauti: "Jambo-nimelala-vizuri-Mélanie-yuko-watoto-bako!" na mtu alipomaliza kuitikia, shefu alikuwa amekwisha kupita. Mwisho wa mwezi wa saba alijipimisha kwenye farmasi moja: kumi na saba. Ngazi zake alizipanda kwa kusimama mara moja tu. Jioni aliketi barazani na kuona, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kwamba usingizi unamjia bila kuitwa. Na jambo lingine, ambalo hakumwambia mtu: alikuwa anapenda. Alipenda ile dakika pumzi inapokubali, mwili unakuwa mwepesi, na mlima ulio mbele haumdai maelezo yoyote.

Shida ilikuwa faili.

"Papa Shefu," alimwambia Dany, motari anayeegesha pikipiki yake chini ya ngazi, "ile farde iko na nini ndani?"

"Hakuna kitu."

"Kila siku unakimbia na hakuna kitu?"

"Ni sport, Dany. Ni kwa afya."

Dany alicheka, akamgeukia abiria wake. "Umesikia? Sport na karavati! Bakubwa bakisema hakuna kitu, weye anza kufunga mizigo."

Kufikia Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nane, avenyu nzima ilijua kilichokuwa ndani ya faili, ila kila nyumba ilijua kitu chake. Wengine walijua ni orodha ya nyumba zitakazobomolewa kwa sababu ya mmomonyoko. Wengine walijua ni habari za vita zinazokuja kwa njia ya Sange, na waliosema hivyo walisema kwa sauti ya chini, kisha wakanunua mkaa. Papa Apollinaire alipoona watu wanatazama kwapa lake badala ya uso wake, aliamua kulimaliza jambo kiserikali. Aliketi mezani, akaandika kwa mkono wake mzuri, akapiga muhuri, na Jumatano jioni akaibandika karatasi kwenye nguzo ya umeme:

"TAARIFA. Shefu wa avenyu anakimbia kila asubuhi kwa sababu zake binafsi. Hakuna hatari yoyote. Wananchi wote wanaombwa kubaki watulivu na kuendelea na shughuli zao."

Alirudi nyumbani ameridhika. Hakuona kwamba nyuma yake watu walikuwa wanaisoma karatasi mara mbili, na waliojua kusoma wanawasomea wasiojua.

"Banasema tubaki batulivu," alisema Maman Eulalie, na akafuta mikono kwenye aproni. "Mungu wangu. Imefika pale."

Kwa maana neno hilo tunalijua. Katika umri wetu wote hatujawahi kuombwa kubaki watulivu siku ambayo palikuwa na utulivu. Usiku ule nyumba nyingi zilifunga nguo kwenye vitenge, zikapika maharagwe ya siku mbili, zikalala na viatu.

Alhamisi asubuhi Papa Apollinaire aliamka na nguvu ambazo hakuwa nazo tangu ujana. Alishuka ngazi, akapita kona ya Maman Eulalie akitupa salamu yake ndefu, akashangaa kwamba hakuna aliyeitikia. Alipofika karibu na soko, pumzi ilikubali. Akaongeza mwendo. Karavati ikamrukia begani. Akasikia hatua nyuma yake: mtu mmoja, kisha watatu, kisha wengi. Moyo wake ukajaa furaha. Mwishowe watu wa avenyu yake walikuwa wameelewa faida ya mazoezi!

Akageuka kuwapungia mkono.

Aliona mama mwenye beseni la nyanya kichwani na mtoto mgongoni. Aliona mwenye bucha akikimbia na paja la mbuzi begani. Aliona Dany kwenye pikipiki na watu watatu nyuma, wa tatu akiwa amekaa kinyume. Kando ya njia, milango ya chuma ya butiki ilikuwa inashuka, moja baada ya nyingine, kwa mlio ule ambao kila mtu wa hapa anaujua hata akiwa usingizini.

Na sasa Papa Apollinaire, mtu mwenye akili, aliyekuwa akijua vizuri kuliko wote kwa nini anakimbia, akafanya kile ambacho kila mkazi wa Bukavu angefanya. Aliona watu wanakimbia, naye akakimbia. Hakusimama kuuliza. Alikaza faili kwapani, akainua magoti, akashuka mbio kweli kweli, na umati, ulipoona shefu ameongeza kasi, ukaongeza kasi pia.

Walifika Nyawera, kule chini mjini, pamoja. Nyawera nayo ilikuwa inafunga. Wapagazi walikuwa wametupa magunia, na watu wamejibana kwenye kuta wakisikiliza. Papa Apollinaire alimshika mkono mzee mmoja asiyemjua.

"Baba, kuko nini?" aliuliza, akihema.

"Aa, haujasikia?" alijibu yule mzee. "Kuko shefu moja ya Kadutu. Banasema amekimbia na makaratasi yote ya serikali."

Papa Apollinaire aliliangalia faili lake. Kisha akaliingiza polepole ndani ya koti na kufunga vifungo vyote vitatu.

Kwa bahati njema hakuumia mtu. Palipotea viatu, na beseni la nyanya lilimwagika, na saa nne watu walikuwa wanapanda tena mlimani kimya kimya, kila mmoja akijifanya alikuwa na shughuli Nyawera. Lakini jioni ile ile Bwana Bruno, shefu wa kartie, aliye juu ya mashefu wote wa avenyu, aliitisha kikao kwenye uwanja wake. Ni mtu mnene, na viti viwili vya plastiki alivyoviweka kimoja ndani ya kingine havikuwa vya mapambo.

"Nani alitoa amri ya kukimbia?" aliuliza.

"Hakuna amri," alisema Papa Apollinaire. "Ilikuwa sport."

Watu wakaguna.

"Miye nilibeba batu batatu," alisema Dany. "Sikubauliza wanaenda wapi. Na bao hawakuniuliza miye niko naenda wapi."

"Mandazi yangu nimeyaacha kwa moto," alisema Maman Eulalie. "Narudi, nakuta imbwa nne zimekaa mustari, kila moja inangoja yake. Papa Shefu, weye ukikimbia namna ile, siye batu ya chini tufanye nini? Tukuangalie?"

"Niliandika taarifa!"

"Ndiyo hiyo taarifa ilitumaliza!" wakajibu wengi kwa pamoja.

Bwana Bruno aliinua mkono. Alieleza kwamba shefu hakimbii. Shefu anakuja, na akichelewa, mambo yanamngoja. Yeye mwenyewe, alisema, hakuwa amekimbia tangu alipoteuliwa, na kila mtu aliyemtazama aliamini. Kwa hiyo Papa Apollinaire achague hapo hapo, mbele ya wananchi: aache hizo mbio, au arudishe muhuri, na Jean-Baptiste, naibu wake, achukue nafasi.

Ilikuwa wazi kwamba Bwana Bruno alingoja kuombwa msamaha. Hata tabasamu la kusamehe alikuwa amekwisha kulitayarisha. Papa Apollinaire alipapasa muhuri mfukoni. Miaka kumi na tisa. Aliupenda muhuri ule. Aliusafisha wino kila Jumamosi kwa mswaki. Lakini zilibaki siku nane kufika sikukuu. Akiacha kukimbia, tansio ingepanda, naye angeshuka Panzi na muhuri mfukoni, akagonge nini huko nyuma ya jiko?

Aliutoa na kuuweka juu ya meza.

"Papa," alisema Bwana Bruno, na tabasamu lake likakosa mahali pa kukaa, "fikiria kwanza."

"Nimekimbia wiki saba," alisema Papa Apollinaire. "Kule njiani sina kazi nyingine ila kupumua."

Siku ya pili alikwenda kwenye nguo za mitumba sokoni, akanunua kaptula nyekundu na raba. Siku ya tatu, alfajiri, alishuka ngazi akiwa na miguu yake myembamba nje kwa mara ya kwanza tangu shule ya msingi. Alikuwa na wasiwasi mkubwa. Alipita soko zima akikimbia. Hakuna aliyefunga mlango. Hakuna aliyemfunga mtoto mgongoni. Dany aliendelea kufuta kioo cha pikipiki yake. Maman Eulalie hakuinua hata macho kutoka kwenye karai.

"Jambo, Papa."

Hivyo tu. Papa Apollinaire alipita hatua kumi, akarudi, magoti yakipanda na kushuka.

"Maman Eulalie, hauniulize habari za Mélanie?"

"Si uko kwa sport, Papa? Pita. Mandazi itaungua."

Basi akapita. Njia ilikuwa nyeupe mbele yake, hakuna wa kumsimamisha, na alikimbia nusu saa nzima bila kukatizwa, jambo ambalo alikuwa amelitafuta tangu mwezi wa sita. Lile la kutoulizwa habari lilimuuma kidogo hadi Nyawera. Baada ya hapo likaacha.

Tarehe kumi na tano, baada ya misa, Mélanie alipanda na kifaa chake, bado amevaa kitenge cha sikukuu. Alimketisha baba yake barazani, akamkataza kuongea, akapima mkono wa kushoto. Akapima wa kulia. Akarudia wa kushoto.

"Kumi na tano kwa tisa," alisema, kama mtu aliyekuta hesabu imetoka bila msaada wake.

"Sema tena."

"Utabaki, Papa."

Papa Apollinaire alitazama ukuta wake wa matofali, akaona mahali panapohitaji chokaa.

"Chumba nilikwisha kupaka rangi," aliendelea Mélanie, akikunja mkanda. "Bleu, kama unavyopenda."

"Wekeni mahindi ndani."

Mélanie alicheka mpaka akakaa. Wakati huo zikasikika kelele kutoka chini. Majirani wawili walikuwa wanagombania mfereji wa maji, kila mmoja akimwita shahidi wake, na mmoja akapaza sauti kuelekea mlimani kwa mazoea ya miaka kumi na tisa: "Shefu! Ee, Shefu! Ukuje uone!"

Papa Apollinaire alikuwa tayari amesimama, mkono mmoja unatafuta koti. Mélanie alimtazama, akaanza kuukunjua tena mkanda.

"Wamwite Jean-Baptiste," alisema Papa Apollinaire, na akaketi.

Kelele ziliendelea kitambo. Aliweka kiwiko kwenye ukingo wa baraza na kusikiliza kesi yote, toka mwanzo hadi mwisho. Kwa maoni yake, yule wa pili ndiye aliyekuwa na haki.